IP ya kudumu haiondoi kuganda kwa intaneti

Mkazi wa Geita au Kahama ambaye video call zinamgandia kila jioni huenda akashauriwa alipie anwani ya IP ya kudumu. Asikimbilie kutoa hela. IP ni kama namba ya nyumba tu: ikae ileile mwaka mzima au ibadilike ruta ikizimwa na kuwashwa, njia haifupiki.

Kinachochelewesha ni umbali na foleni. Ndani ya mkongo, mwanga hukimbia takriban kilomita 200 kwa milisekunde 1. Kutoka Geita hadi Dar es Salaam, zinakoingilia nyaya za baharini za SEACOM na EASSy, ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Kwenda na kurudi huzidi milisekunde 10. Seva ikiwa Ulaya, huzidi 100.

IP ya kudumu inamfaa, kwa mfano, mwenye duka anayetaka kufungua kamera zake moja kwa moja akiwa safarini. Kwa gemu, ni hela ya bure.

Pima ping kwa waya asubuhi, kisha saa 2 usiku. Ikipanda usiku tu, tatizo ni foleni. Kwa waya iko vizuri ila kwa Wi-Fi inayumba? Anza kwa kuihamisha ruta.