Ufundishaji wa tahajia ya maneno ya Kiingereza yasiyofuata kanuni

Ufundishaji wa tahajia ya maneno yasiyofuata kanuni ni sehemu ya masomo ya awali ya kusoma na kuandika. Unahusu maneno ambayo herufi zake hazilingani na sauti zake. Katika Kiswahili au Kifini, mtoto aliyekwisha kujua herufi anaweza kuandika karibu kila neno analolisikia. Katika Kiingereza anakutana mapema na "said", "was", "one" na "two", na hayo ni kati ya maneno yanayotumika sana.

Asili ya tatizo

Zamani herufi "k" ya "knight" ilitamkwa, na vilevile "w" ya "two", ambayo bado inasikika katika "twice" na "twenty". William Caxton alianzisha uchapaji huko Westminster mwaka 1476, na wachapaji wakaanza kuyazoea maumbo fulani ya maneno wakati matamshi ya irabu ndefu yalikuwa yangali yanabadilika. Wataalamu nao waliongeza herufi: "debt" ilipewa "b" ili ifanane na neno la Kilatini "debitum". "Island" ilipata "s" kwa makosa, kwa kudhaniwa kuwa na asili moja na "isle", neno lenye asili ya Kilatini.

Mbinu

Mwaka 1936 Mmarekani Edward Dolch alichapisha orodha ya maneno 220 yanayotokea mara nyingi katika vitabu vya watoto. Kwa miaka mingi walimu waliyaandika kwenye kadi, mtoto akayakariri kwa umbo. Lakini orodha hiyo ina pia "it", "can" na "run", ambayo hayana ugumu wowote kwa anayejua herufi.

Utafiti wa Linnea Ehri, mwanasaikolojia wa Marekani, ulionyesha kwamba neno hukaa kumbukumbuni pale herufi zake zinapofungwa na sauti zake, hata kama neno halifuati kanuni. Ni nadra neno kuwa geni lote. Katika "said", "s" na "d" ni za kawaida. Kigeni ni "ai" tu. Kwa hiyo mtoto hutamka neno, huhesabu sauti zake tatu kwa vidole, huandika anazozijua, kisha huonyeshwa sehemu inayobidi kukaririwa na kuipigia mstari. Baadaye neno hufunikwa, naye huliandika bila kutazama na kulinganisha.

Maneno yanayofanana hufundishwa pamoja, kama "could", "would" na "should". Mengine husaidiwa na ndugu zake: "g" isiyosikika katika "sign" inasikika katika "signal". Kwa "Wednesday", watoto hufundishwa kulitamka kimoyomoyo kama lilivyoandikwa.

Kumwandikisha mtoto neno moja mara hamsini kunachosha mkono tu. Wengi huandika "s" zote kwanza kutoka juu hadi chini, halafu "a" zote, na neno lenyewe hawalioni.

Kwa watoto wanaozungumza Kiswahili

Mtoto aliyeanza kusoma kwa Kiswahili akiandika "sed" au "wan" ametumia vizuri kanuni anayoijua. Akikosolewa kwa alama moja kubwa nyekundu juu ya neno zima, huenda akaacha kusikiliza sauti na kuanza kubahatisha. Inafaa zaidi mwalimu aonyeshe kwamba "s" na "d" ni sahihi, kisha asahihishe katikati.

Kosa la "cat" na "cut" ni la aina nyingine. Maneno hayo yote mawili yanafuata kanuni, ila Kiswahili kina irabu tano tu, na mtoto husikia "a" ileile katika yote mawili. Hapo kukariri herufi hakutoshi: kwanza afunzwe kuzitofautisha sauti hizo kwa sikio na kwa kinywa, ndipo apewe imla.