Je, Wajua? Ganda Lilelile, Kirusi Kingine

Je, wajua kwamba kirusi cha kwanza kuthibitishwa kuwa chanzo cha kuhara na kutapika kwa binadamu kilionekana mwaka 1972 tu? Miaka minne kabla, wanafunzi na walimu wa shule moja ya msingi mjini Norwalk, Ohio, Marekani, walitapika ovyo na maabara hazikuona bakteria yeyote wa kulaumiwa. Mtafiti Albert Kapikian alichukua kinyesi kilichochujwa, akakichanganya na majimaji ya damu ya mtu aliyeugua akapona. Kingamwili zikavishika virusi na kuvikusanya mafungu mafungu, na hapo ndipo darubini ya elektroni ikavionyesha. Kimoja kina upana wa nanometa 27.

Mwaka 1973, mjini Melbourne, Ruth Bishop na wenzake walichunguza vipande vya utumbo mwembamba wa watoto waliokuwa wakihara, wakakuta kirusi kikubwa zaidi: rota.

Je, wajua kwamba jeni za rota haziko kwenye uzi mmoja? Ziko vipande 11. Vitie kwenye jeli, pitisha umeme: vidogo vinakimbia mbele, vikubwa vinabaki nyuma. Kwa rota ya kundi A mistari hujipanga minne, miwili, mitatu, kisha miwili. Aliyezoea kazi hiyo huitambua kwa jicho tu.

Kwa muda mrefu rota ilipewa jina kwa protini mbili za ganda la nje, G na P. Aina ya G1P[8] ndiyo iliyozaa Rotarix, chanjo ya matone ambayo watoto wa Tanzania walianza kuipata 2013 na wa Kenya 2014. Lakini rota mbili zikiingia seli moja hubadilishana vipande. Nchini Malawi, baada ya chanjo kuanza mwaka 2012, wataalamu walikuta G1P[8] ambazo vipande vyake vya ndani vimetoka ukoo mwingine, uitwao DS-1. Gari lilikuwa na namba ileile, injini imebadilishwa. Waligundua hilo kwa sababu tangu 2008 upo mfumo unaotaja vipande vyote 11, kila kimoja kwa herufi na namba yake. Jina kamili hujaza mstari mzima wa ukurasa na kulisoma ni adhabu, ila halifichi kitu.

Kirusi cha Norwalk siku hizi huitwa noro, na kina makundi 10, GI hadi GX. Si yote ya binadamu. GIII ni ya ng'ombe na kondoo, GV ya panya. Aina iliyotamba duniani kwa muda mrefu kuanzia miaka ya 1990 ni GII.4. Kila ganda lake linapobadilika vya kutosha hupewa jina la mahali: Farmington Hills 2002, Den Haag 2006, New Orleans 2009, Sydney 2012. Wenyeji hawakuulizwa. Baadaye Sydney ikabaki na ganda lake ikabadili kimeng'enya cha kunakili jeni, ndiyo maana sasa huandikwa GII.4 Sydney[P16].

Je, wajua kwamba wapo watu ambao GII.4 huwakosa mara nyingi? Noro hushika sukari fulani kwenye ukuta wa utumbo, na ambaye jeni yake ya FUT2 haifanyi kazi hana sukari hizo. Ulaya ni karibu mtu mmoja kati ya watano. Aina nyingine za noro humpata vilevile.