Ofisi Imehamia Simuni, Mipaka Yake Ni Ipi?

Ada za taasisi aghalabu hazikuandikwa popote. Mfanyakazi mgeni huzijua kwa kutazama: nani husalimiwa kwanza, nani haondoki kabla ya mkubwa, na jambo gani halisemwi. Zamani ada hizo zilikaa ndani ya kuta za ofisi. Karani alipofunga daftari na kutoka, aliziacha huko.

Leo zimemfuata nyumbani. Tangu maradhi ya korona yalipowalazimisha wengi mwaka 2020 kufanyia kazi majumbani, kundi la WhatsApp limekuwa baraza la ofisi. Meneja hutuma agizo saa nne usiku, na tiki mbili za buluu humfichulia aliyelisoma. Hakumwamuru mtu kujibu usiku ule; lakini akijibu mmoja, wenziwe huona haya kunyamaza. Hivyo ndivyo desturi mpya inavyozaliwa: bila ya kikao, bila ya waraka, na bila ya ridhaa ya anayeibeba.

Mataifa kadhaa yameliona hilo. Ufaransa, kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2017, ilizitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao juu ya haki ya kujitenga na mawasiliano ya kazi baada ya saa zake. Ureno, mwaka 2021, ilimtaka mwajiri mwenyewe ajizuie kuwasiliana na mfanyakazi aliye mapumzikoni, isipokuwa kwa dharura isiyoepukika. Nchini Kenya, mswada wa mwaka 2022 wa kurekebisha Sheria ya Ajira uliletwa katika Seneti kwa lengo kama hilo.

Njia ya Ureno ina hekima yake, kwani aliye chini hawezi kuufunga mlango unaogongwa na mkubwa wake. Anayepaswa kujizuia ni mwenye kugonga.

Ni kweli, zipo kazi zisizongoja asubuhi. Muuguzi na fundi wa umeme huitwa usiku. Basi zamu hiyo na iandikwe, na ilipwe.

Kwani ajira ni mapatano ya saa maalumu, wala si ya umri mzima. Mfanyakazi anayetumia saa za mwajiri kwa mambo yake tunasema amekhini amana. Mwajiri anayechukua usiku wa mfanyakazi bila ya makubaliano wala ujira, naye apimwe kwa mizani hiyo hiyo.