Hadithi za Kutisha (4): Kinyozi wa Fleet Street na Hofu za Maskini

Oktoba 2024 filamu ya Terrifier 3, ambayo muuaji wake huvaa mavazi ya mchekeshaji wa sarakasi, iliongoza kwa mauzo ya tiketi Marekani, huku Ufaransa ikiwazuia wenye umri chini ya miaka 18 kuiona. Riwaya za aina hiyo nazo zinaendelea kupata wasomaji, hasa vijana. Swali linaloulizwa ni lilelile: mtu mwenye akili timamu anapata raha gani kuona au kusoma binadamu mwenzake akichinjwa na kukatwa vipandevipande?

Makala tatu zilizopita zilitupitisha kwenye makasri ya riwaya za Walpole na Radcliffe. Aliyefuatana nami anajua kwamba ile ilikuwa hofu ya watu wenye nafasi: vitabu vya bei ghali, mizimu ya makabaila. Leo tunashuka mitaani, London ya miaka ya 1840, mahali ambapo kwa maoni yangu jibu la swali hili limelala muda mrefu bila kuokotwa.

Sehemu moja ya riwaya ya Dickens iliuzwa shilingi, yaani peni 12. Edward Lloyd, mchapishaji wa Salisbury Square, aliuza kurasa nane kwa peni moja tu. Maandishi yalikuwa madogo, yamebanwa katika safu mbili, na ukurasa wa kwanza ulibeba picha ya kuchonga, mara nyingi ya mtu anayekaribia kuuawa. Karatasi ilipokwisha, hadithi ilikatwa hapohapo, hata katikati ya sentensi, na msomaji akangoja wiki nzima. Meneja wa Lloyd alimweleza mwandishi Thomas Frost jinsi walivyopima hadithi mpya: walimpa mtumishi wa nyumbani au kijana wa mashine aisome, na ikimpendeza, inachapwa. Asiyejua kusoma hakukosa uhondo. Henry Mayhew, aliyechunguza maisha ya wachuuzi wa London, aliwakuta wakikusanyika jioni kusomewa na mwenzao aliyejua herufi.

Katika vijitabu hivyo vya peni ndimo alimozaliwa Varney the Vampire (1845–1847), hadithi iliyopita sura 200. Ila mimi nimevutwa zaidi na The String of Pearls, iliyotoka kwa mfululizo katika jarida mojawapo la Lloyd kati ya Novemba 1846 na Machi 1847. Humo kuna Sweeney Todd, kinyozi wa Fleet Street. Mteja anakaa kwenye kiti anyolewe, kiti kinapinduka, anatumbukia kwenye ghala la chini. Nyama yake inapitishwa katika njia za chini ya kanisa la St Dunstan hadi Bell Yard, kwenye duka la Bi Lovett, ambako makarani wa mawakili wanagombania pai za moto. Wanakula, wanalamba vidole, wanasifu mapishi.

Wakubwa wa siku zile walisema huu ni uchafu uliobuniwa kuchezea tamaa za watu duni. Hawakujiuliza wasomaji wale walikuwa wanaogopa nini kabla hawajafungua kijitabu.

Tuanze na chakula. Mkate wa London ulitiwa shabu ili uonekane mweupe, na jibini ilipakwa rangi ya risasi nyekundu. Daktari Arthur Hassall alipoanza kuchapisha vipimo vyake katika jarida la Lancet mwaka 1851, alithibitisha kwa darubini jambo ambalo maskini walikwisha kulihisi matumboni. Sheria ya kwanza ya kudhibiti uovu huo ilipitishwa mwaka 1860. Mtu aliyenunua pai barabarani mwaka 1846 hakuwa na njia ya kujua anakula nini.

Kisha kuna miili. Mwaka 1828, mjini Edinburgh, Burke na Hare waliua watu 16 na kumwuzia maiti Daktari Robert Knox kwa ajili ya masomo ya kupasua. Burke alinyongwa. Hare aligeuzwa shahidi wa serikali, akaachiwa. Knox, mnunuzi, hakushtakiwa kabisa. Miaka minne baadaye Bunge lilipitisha sheria iliyoruhusu maiti zisizo na wa kuzidai, nyingi zikitoka nyumba za kuhifadhia maskini, zipelekwe kwa wapasuaji. Fukara wa London alijua kwamba akifa bila ndugu, mwisho wake ni meza ya wanafunzi wa udaktari. Mwandishi wa Sweeney Todd hakubuni hofu hiyo, aliikuta mtaani. Alichoongeza ni haki. Katika hadithi yake biashara ya miili inafichuliwa, Bi Lovett anakufa kwa sumu na Todd ananyongwa. Msomaji wa peni moja alipewa hukumu ambayo mahakama ya Edinburgh haikumpa.

Ndiyo maana naamini kwamba damu ya vitabuni huwavuta wasomaji kwa sababu inalitaja waziwazi jambo wanaloliogopa na ambalo wakubwa wao hawataki litajwe. Na waliolaani vijitabu hivyo waliishi katika nchi iliyonyonga watu hadharani hadi mwaka 1868, wazazi wakiwabeba watoto mabegani waone vizuri.

Lawama zilifika kileleni Julai 1895. Robert Coombes, mvulana wa miaka 13 wa Plaistow, mashariki mwa London, alimchoma mama yake kisu akafa. Baba alikuwa baharini. Maiti ilikaa ndani siku kadhaa huku Robert na mdogo wake wakienda kutazama kriketi. Polisi walipokuta vijitabu vya peni nyumbani, magazeti yalikuwa yameshapata mshitakiwa wao, na baraza lililochunguza kifo liliitaka serikali izuie maandishi hayo. Kwamba Robert alisema mama alikuwa akimpiga mdogo wake, na kwamba kwa miaka mingi aliteswa na maumivu makali ya kichwa, hayo hayakupewa uzito huo. Alipelekwa Broadmoor, hospitali ya wahalifu wenye maradhi ya akili. Alitoka mwaka 1912, akahamia Australia, akawa mbeba machela huko Gallipoli, akatunukiwa medali ya ushujaa, na baadaye akamhifadhi kijana wa jirani aliyekuwa akiteswa kwao. Kama kijitabu ndicho kilichomfanya muuaji, waliokishitaki watueleze ni nini kilichomfanya mwokozi.

Sasa turudi kwa vijana wa leo. Mwaka 2021 Coltan Scrivner na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wapenzi wa filamu za kutisha hawakusumbuka kisaikolojia katika miezi ya mwanzo ya UVIKO-19 kwa kiasi walichosumbuka wengine. Utafiti huo hauthibitishi kwamba filamu ndizo zilizowaimarisha, lakini unamnyima nguvu yule anayedai kwamba lazima ziwaharibu. Mtoto mdogo asipewe damu, hilo sina ubishi nalo. Ufaransa ilifanya vyema kuweka umri. Nisichokubali ni mzazi au mwalimu anayempokonya kijana kitabu, akakichana, bila kumwuliza hata mara moja ni kitu gani humo kilichomshika. Nasi Waswahili tunaijua raha ya kungoja sehemu ijayo: wengi tulijifunza kupenda kusoma kwa hadithi za mfululizo magazetini na kwa riwaya kama Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965), wala si kwa vitabu tulivyolazimishwa darasani. Shule ikitaka wasomaji, iweke kwenye rafu zake za maktaba hadithi zinazotisha, na mwalimu azisome kwanza.

Wiki ijayo tutavuka kwenda Paris, mtaa wa Chaptal, ambako mwaka 1897 kanisa la zamani liligeuzwa ukumbi wa Grand-Guignol, na daktari wa ukumbi akawa na kazi ya kuwahudumia watazamaji waliozimia.