Kilimanjaro ilichezewa soka

Dindira, wilayani Korogwe, kuna baridi ya kuvalia koti, kuna chai na kuna miteremko ya kuua magoti. Theluji ndiyo haipo. Kijana wa huko akiambiwa kuna watu wanafunga mbao miguuni na kushuka mlima kwa kasi ya gari, atacheka kwanza. Kumbe Afrika Mashariki nayo ina watu wake kwenye skii.

Wa kwanza ni Philip Boit wa Kenya. Jamaa alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Theluji aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1996, alipopelekwa Finland kujifunza. Miaka miwili baadaye alikuwa Nagano, Japani, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 nyuma ya bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway. Bingwa hakuondoka. Alimsubiri kwenye mstari, akamkumbatia. Boit akaja kumpa mwanaye jina la Dæhlie.

Sabrina Simader alipata alichokosa Boit: kuanza mapema. Alizaliwa Kenya, akahamia Austria akiwa na miaka mitatu, na baba yake wa kambo akamfundisha. Mwaka 2018 kule Pyeongchang, Korea Kusini, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kwenye Olimpiki hiyo. Mbio za super-G alimaliza wa 38.

Austria kuna lifti za kupandisha watu mlimani, na watoto wanaanza skii wakiwa wadogo. Tanzania barafu ipo, juu ya Kilimanjaro, ila lifti hakuna. Anayeitaka anapanda kwa miguu siku kadhaa, huku pumzi ikizidi kuwa finyu.

Hata hivyo, mechi imeshapigwa huko. Juni 24, 2017, wanawake kutoka nchi mbalimbali walipanda hadi kwenye kreta, mita 5,714 juu ya usawa wa bahari, wakachora uwanja kwenye majivu ya volkano na kucheza dakika 90 kamili. Walikuwa wanadai usawa kwa wanawake katika michezo. Volcano FC 0, Glacier FC 0.

Volcano bado ipo. Glacier, yaani barafu yenyewe, imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Iko kwenye dakika za lala salama, na haina mchezaji wa akiba.