Picha za mtoto zimo kwenye hadidiski iliyogoma? Usikimbilie kufomati

Chukulia mama wa kisiwani Bumbire, wilayani Muleba. Mwanawe anaomba picha ya marehemu bibi yake, aliyempakata siku ya ubatizo. Mama anachomeka hadidiski kwenye kompyuta, kompyuta inamjibu kuwa haisomeki na inamtaka aifomati. Fundi anayemfahamu yuko ng'ambo ya maji, na nauli ya boti ina kazi nyingine nyumbani.

Jambo la kwanza halina gharama: asikubali kufomati.

Ndani ya hadidiski kuna sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa cha kusomea huelea juu yake bila kuzigusa. Kikizigusa huzikwangua, na kilichokwanguliwa hakirudi. Kwa hiyo sikiliza kwanza. Ukisikia mlio wa kugonga au kukwaruza, chomoa mara moja. Hakuna programu itakayotibu ugonjwa huo, na kila ukiwasha unauzidisha. Kuiweka kwenye friji au kuigongagonga si tiba. Ikiwa imelowa maji ya ziwa, usiiwashe kabisa.

Kama inazunguka kwa utulivu, badilisha waya, tundu la USB, kisha kompyuta. Wakati mwingine kilichoharibika ni kiunganishi kilichomo kwenye kasha, diski yenyewe ni nzima. Kwa aina nyingi, fundi anaweza kuihamishia kwenye kasha jingine.

Kama inasomeka ila mafaili hayaonekani, usihifadhi kitu kipya humo. Fundi anakili diski yote kwenye nyingine yenye nafasi sawa au kubwa zaidi. Programu ya GNU ddrescue hufanya kazi hiyo bure: husoma kwanza sehemu nzima, kisha hurudia zile sugu. Baada ya hapo, picha zitafutwe kwenye nakala kwa PhotoRec, nayo ni ya bure. Majina ya mafaili mara nyingi hupotea, hivyo jiandae kuzipanga upya. Gharama kubwa hapa ni diski ya pili, ambayo itabaki kuwa akiba yako.

Kabla ya kumwachia fundi, muulize maswali matatu. Atanakili kwanza? Atafungua diski? Asipopata kitu, utalipa kiasi gani? Akisema ataifungua juu ya meza ya dukani, ichukue uondoke. Chembe moja ya vumbi inatosha kuharibu sahani. Kazi hiyo hufanyiwa kwenye chumba maalumu kisicho na vumbi, na bei yake ni kubwa. Mkubaliane pia kwamba atafuta nakala zake akimaliza. Picha za mtoto ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kabla ya kulipa, orodhesha kilichopotea. Nakala ya cheti cha kuzaliwa huombwa RITA. Kadi ya kliniki ni ya karatasi, itafute kabatini. Fedha zako zielekeze kwenye kile ambacho hakuna ofisi itakayokutolea tena.

Hata picha, anza kuzitafuta kwa ndugu. Uliza kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Huenda shangazi aliyeko Bukoba bado anayo ile uliyomtumia miaka mitatu iliyopita. Ubora utakuwa umepungua, lakini sura ya bibi itaonekana. Angalia pia simu za zamani na akaunti ya Google.

Hadidiski ikilazimika kuvuka ziwa, ifunge kwa kitambaa, kisha mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na ipakatwe badala ya kutupwa chini ya mizigo.

Ukifanikiwa kuzipata picha, tengeneza nakala mbili. Moja ibaki nyumbani Bumbire. Nyingine mpe ndugu wa Muleba au Bukoba, ili radi, moto au maji yasizikute zote mahali pamoja.