Wamonaki wa Kipkelion Wahamia Uganda

Mkulima akiazimia kuhama huuza ng'ombe asioweza kuwasafirisha, humtuma mwanawe atangulie kuitazama nchi mpya, na mavuno yakiisha hufunga mizigo. Hilo ni jambo la kawaida, wala halina aibu. Lakini mwaka 2008 walihama kutoka Kipkelion watu ambao waliwahi kuweka nadhiri mbele ya altare ya kudumu katika nyumba yao hata kufa.

Watu hao ni wamonaki wa shirika la Watrapisti, watawa wa kiume wanaoishi kwa sala, kimya na kazi ya mikono. Monasteri yao, Bibi Yetu wa Victoria, iliasisiwa mwaka 1956, wakati mahali hapo, pamoja na stesheni yake katika njia ya reli iendayo Kisumu, pangali pakiitwa Lumbwa. Waasisi walitoka monasteri ya Koningshoeven, karibu na mji wa Tilburg, Uholanzi. Wafuatao Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya sita, huahidi utii, maisha ya kitawa, na kudumu katika jamaa ile ile. Benedikto hakuwapenda watawa wazururaji, wale waliolala siku tatu katika nyumba hii na siku nne katika nyumba ile; aliandika kwamba afadhali kuyanyamazia maisha yao kuliko kuyasimulia.

Matokeo ya uchaguzi wa Rais wa Kenya yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, machafuko yaliwaka katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, na Kipkelion haikusalimika. Nyumba zilichomwa moto, majirani waliozoea kuazimana majembe wakakimbiana, na walionyang'anywa makao wakatafuta kimbilio katika monasteri. Katika nchi nzima walikufa watu zaidi ya 1,000 kabla ya mapatano ya tarehe 28 Februari 2008. Katika mwaka huo huo jamaa ya wamonaki ilihamia Kijonjo, katika jimbo la Masaka, Uganda.

Je, walivunja nadhiri? Wasiolijua shirika hili wangeweza kudhani hivyo. Lakini anayeweka nadhiri ya kudumu hujifunga kwa ndugu zake na abati wake, wala si kwa mawe ya ukuta. Ndugu wote wakihama pamoja, nadhiri huhama nao. Vigumu ni kuhama pamoja, maana hofu huwatawanya watu, kila mmoja akishika njia yake. Na hapo ndipo hujulikana kama mpango ulikuwapo au haukuwapo.

Watrapisti wana mazoea ya mambo haya. Mwaka 1791, wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, baadhi yao walikimbilia La Valsainte, Uswisi, na baadaye wakasukumwa hata Urusi. Mwaka 1880 serikali ya Ufaransa ilipotoa amri dhidi ya mashirika ya kitawa, wamonaki wa Mont des Cats walitafuta kimbilio ng'ambo ya mpaka, na hivyo mwaka 1881 ikaasisiwa Koningshoeven yenyewe, iliyo mama wa nyumba ya Kipkelion. Shamba lao jipya lilikuwa la mchanga usiozaa vizuri, basi mwaka 1884 wakaanza kutengeneza bia ili wapate riziki. Bia hiyo ingali ikiuzwa. Wenzao wa Tibhirine, Algeria, walikawia wakijua hatari: mwaka 1996 saba walitekwa na kuuawa, na jamaa iliyobaki ikaendelezwa Moroko.

Kijonjo hawakuwa wageni kabisa. Katika jimbo hilo la Masaka, huko Butende, watawa wa kike wa shirika hilo hilo wamekaa tangu mwaka 1964, nao pia asili yao ni Uholanzi. Mtu ahamaye akiwa na ndugu aliyetangulia hupata wa kumwuliza bei ya mbegu, majira ya mvua, na desturi za ardhi. Na hilo la mwisho si dogo. Buganda ina ardhi za mailo zilizotokana na mapatano ya mwaka 1900, ambapo mwenye hati aweza kuwa mtu mmoja na mwenye kibanja mtu mwingine. Tena kwa katiba ya Uganda ya mwaka 1995, asiye raia hawezi kuwa na ardhi ila kwa kukodi. Mkulima wa Kericho aliyezoea kwenda mbele ya bodi ya ardhi na kupewa kibali hana budi kuanza kujifunza upya.

Nchi nayo ni nyingine. Kipkelion ni ya baridi, nchi ya chai, maziwa na kahawa aina ya arabika; Masaka iko chini zaidi, yenye joto, ndizi za matoke na kahawa aina ya robusta. Afuataye barabara ya Kisumu, Busia na Kampala huvuka ikweta mara mbili, kwanza Maseno, kisha Kayabwe, na mwishowe hujikuta tena kusini yake kama alipoanzia. Jina la Bibi Yetu wa Victoria lilichukuliwa pamoja na jamaa, na nyumba ya Kijonjo inaitwa hivyo hivyo.